Leo kuna nini? Safari ya menyu Mombasa, kutoka mdomoni hadi kwenye simu

Mwezi uliopita nilimpeleka ami yangu kula chakula cha mchana katika mkahawa mmoja mjini Mombasa, si mbali na Moi Avenue. Ami ana miaka 80 na ushei. Alifanya kazi bandarini Kilindini tangu ujana wake hadi akastaafu, na chakula cha nje hali ila kwa kubembelezwa. Tuliketi. Juu ya meza hapakuwa na kitu ila chupa ya pilipili, karatasi za kufutia mikono na kibao kidogo cha plastiki chenye mraba wa madoadoa meusi na meupe. Kijana mhudumu akapita, akakigusa kile kibao kwa kidole, akasema, "Skani hapo, mzee," akenda zake.

Ami akakitazama kibao. Akatoa simu yake, kabambe ya vibonyezo yenye tochi, akaisogeza karibu na ule mraba kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa mwenyeji. Kimya. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani hapa hamna mtu wa kusema leo kuna nini?"

Swali hilo nimelala nalo siku kadhaa, na ndilo lililoniketisha kuandika makala haya. Watu wengi wakizungumzia menyu za simu huona karatasi imeondoka, simu imeingia, basi. Hapa Mombasa mambo hayakuwa hivyo. Karatasi yenyewe ilikuwa mgeni, tena mgeni wa juzijuzi. Kabla yake palikuwa na mdomo, na ami aliuliza swali la enzi ya mdomo.

Nililelewa Kibokoni, Mji wa Kale, na katika utoto wangu sikumbuki kuona orodha ya chakula iliyoandikwa. Hoteli zilikuwapo (huku kwetu hoteli ni pa kula, si lazima pawe pa kulala) na kila hoteli ilikuwa na daftari, lakini lilikuwa daftari la madeni. Mtu akimaliza kula husema, "Niandikie," na mwenye hoteli huandika. Basi kilichotiwa wino ni kile ambacho umekwisha kukila. Kile utakachokila kilisemwa.

Na namna kilivyosemwa! Ukiketi tu, mhudumu anakujia na kitambaa begani, na kabla hujamaliza salamu ameanza: kuna pilau, kuna biriani ya mbuzi, kuna wali wa nazi na samaki wa kupaka, kuna sima na mchicha, kuna maharagwe ya nazi, chapati ziko. Yalitiririka kwa mahadhi yake, na aliyezoea aliweza kuyasoma kama unavyosoma maandishi. Kilichotajwa kwanza ndicho kilichotoka jikoni sasa hivi. Kilichotajwa mwisho, tena kwa sauti ya chini, ni cha tangu asubuhi. Mhudumu akisema "samaki yuko" halafu akatazama kando, ulijua uagize nyama. Hakuna karatasi iliyowahi kuniambia hayo.

Nje ya hoteli, orodha ilikuwa ni saa. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Mtoto anatumwa na bakuli kwa mama fulani mtaa wa pili, na hakuna haja ya kuuliza anapika nini. Jioni ni viazi karai, bajia, mishikaki. Muuza kahawa hakusema hata neno. Aligonganisha vikombe vyake mkononi, dele la shaba likiwa mkono wa pili, na mlio ule ukatosha. Hata leo ukienda kupunga upepo Mama Ngina, pale meli zinapoingia mkondo wa Kilindini, muuza mihogo hakupi orodha yoyote. Unaona mihogo, unaona pilipili na ndimu. Uagize nini kingine?

Msomaji asije akadhani kwamba wazee wetu hawakuandika chakula kwa sababu hawakujua kuandika. Mombasa ni mji wa kalamu. Barua za biashara, hati za nyumba na mashairi vilikuwa vikiandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya mzungu wa reli kufika. Muyaka bin Haji alitunga hapa mwanzoni mwa karne ya 19, na tungo zake zimetufikia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa *Sahifa* hapa mwaka 1930 na *Al-Islah* mwaka 1932. Watu hao wangeweza kuandika orodha ya pilau na biriani lau wangeona ina maana. Lakini katika mji ambao kitoweo hutegemea ngalawa zimerudi na nini, orodha ya asubuhi ingekuwa uongo ikifika adhuhuri. Isitoshe, chakula cha heshima kililiwa katika sinia. Watu wanne au watano huizunguka sinia moja, na katika sinia hakuna anayechagua. Unakula cha upande wako.

Menyu ya karatasi iliingia kwa mlango wa Kilindini. Jina lenyewe linaeleza kwa nini: kilindi ni maji yenye kina kirefu, na upande huo wa kisiwa ndio uliofaa meli kubwa za chuma, ilhali Bandari ya Kale ilibaki na majahazi. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Gati za maji ya kina zikafuata katika miaka ya 1920. Pamoja na meli na reli wakaja abiria waliozoea kukaa mezani, kila mtu na sahani yake, na kupewa karatasi ya kuchagulia. Hoteli zao zilijengwa kando ya barabara iliyotoka bandarini kuingia mjini, iliyoitwa Kilindini Road, hiyo hiyo Moi Avenue ya leo. Wengi wa wapishi na wahudumu katika meli, reli na hoteli hizo walikuwa Wagoa. Katika vyumba hivyo karatasi ilisema Kiingereza, tena mara nyingi Kiingereza kilichovishwa maneno ya Kifaransa, huku amri nyingi za jikoni zikitolewa kwa Kiswahili.

Neno 'menyu' tulilipata kwa Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa, na kwa Kifaransa asili yake ni Kilatini chenye maana ya kitu kidogo, kilichopambanuliwa kimoja kimoja. Mikahawa ya namna tunayoijua leo, yenye meza za watu binafsi na karatasi ya bei, ilishamiri Paris katika nusu ya pili ya karne ya 18. Kwa hiyo hata huko si jambo la tangu Adamu. Ukilipanga bandari kwa bandari, utaona maneno ya mkahawa wetu ni kama shehena iliyoshushwa kwa awamu. 'Mkahawa' ni wa shina moja na kahawa, neno la Kiarabu. 'Sahani' na 'sinia' ni Kiarabu pia. 'Meza' ni Kireno, nao Wareno walifika Mombasa mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakafukuzwa mwaka 1698. 'Chapati' na 'bajia' ni za Bara Hindi. 'Oda', 'bili', 'weita' na 'menyu' ni Kiingereza. Meza ilikaa Mombasa zaidi ya miaka 300 bila ya menyu juu yake na wala haikuonekana pungufu.

Kutoka hoteli za wageni, karatasi ilishuka polepole hadi kwetu. Kwanza ilikuwa ubao ukutani na chaki. Halafu ikawa karatasi moja ya taipureta iliyobandikwa karibu na sanduku la pesa. Baadaye zikaja zile za kutiwa plastiki, zenye madoa ya mchuzi na vipande vya karatasi vilivyobandikwa juu ya bei ya zamani, tena juu ya kile kipande kipande kingine, hadi ukigusa unahisi mlima. Nilipokuwa kijana tulikuwa tukizikwangua kwa ukucha ili tuone pilau ilikuwa shilingi ngapi kabla ya mambo kuharibika.

Hapa sasa ndipo suala la lugha linapoanza kuuma. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa maafisa wa makoloni ya Afrika Mashariki kuamua Kiswahili kipi kifundishwe shuleni na kuchapishwa vitabuni. Mkutano wenyewe ulifanyika papa hapa Mombasa, na uamuzi wake ukawa Kiunguja ndicho kiwe msingi, si Kimvita, lahaja ya mji uliowapa wajumbe malazi na chakula. Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Sisemi kwamba uamuzi ulikuwa mbaya. Ndio unaoniwezesha leo nisomwe Kisumu na Dodoma. Lakini ulikuwa na gharama yake, na sehemu ya gharama hiyo ililipwa jikoni.

Mmvita wa kizazi cha ami hasemi 'mchele', husema 'mtele'. Hasemi 'mchuzi'; husema 'mtuzi'. Njia kwake ni 'ndia', na kibao cha barabara ya Ndia Kuu pale Mji wa Kale ni katika sehemu chache ambapo serikali imeiachia sauti hiyo nafasi hadharani. Kamusi ya Ludwig Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882, ilitegemea sana maneno aliyoyakusanya Mombasa na viunga vyake, ndiyo maana mtu wa hapa akiifungua leo anaweza kukutana na sauti ya nyanya yake. Lakini karatasi ya menyu ilipofika katika hoteli zetu ilikuja baada ya 1930, ikaandikwa na watu waliopitia shule za baada ya 1930. Mhudumu akisema 'mtuzi' kwa mdomo, karatasi ilisema 'mchuzi'. Hakuna aliyekatazwa. Ni kwamba mtu akishika kalamu tu, Kiunguja kinamshika mkono.

Na sasa simu. Ule mraba wa madoadoa uliomshinda ami ulibuniwa Japani mwaka 1994 na mhandisi Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso Wave. Haja yao haikuhusu chakula hata kidogo. Walitaka kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, kwa kuwa misimbo ya mistari iliyokuwapo ilibeba habari chache na ilichosha kuisoma mmoja mmoja. Miraba mitatu mikubwa ya pembeni ndiyo inayoiambia kamera msimbo uko wapi na umelala upande gani. Kampuni ilikuwa na hataza, lakini haikuwadai watu kwa kuutumia, na ndiyo sababu ukaenea. Nilipomweleza ami kwamba kitu hiki kilitengenezwa kwa ajili ya magari ya Japani, alicheka mpaka akakohoa. Magari ya mtumba kutoka Japani hushushwa Kilindini, na ami ameyaona yakishushwa miaka nenda miaka rudi. "Kumbe na hiki kilishuka nayo," akasema.

Kilichokileta mezani ni korona. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa Machi 13, 2020. Kafyu ikaanza Machi 27. Mei 6 mwaka huohuo serikali ikatangaza kuufunga Mji wa Kale, hakuna kuingia wala kutoka, na mikahawa ya humo ikafungwa; kizuizi hakikuondolewa hadi mapema Juni. Mikahawa ilipofungua tena, karatasi inayoshikwa na kila mkono ilionekana kama nyoka. Kulipa kwa simu hakukuwa kugeni kwetu, maana M-Pesa ilianza Machi 2007, na watu walikuwa wamezoea kuona nambari ya kulipia imebandikwa ukutani. Kwa hiyo kibao cha pili kando ya kile cha kwanza hakikumshtua mtu. Mwaka 2023 Benki Kuu ya Kenya nayo ikatoa kiwango kimoja cha kitaifa cha misimbo ya kulipia. Hofu ya kushika karatasi imekwisha, ila vibao vimebaki. Mwenye mkahawa anavipenda kwa sababu moja iliyo wazi: bei ya unga ikipanda usiku, asubuhi anabadilisha kwenye simu, hana haja ya kubandika vipande vya karatasi.

Nami sitaki kuwa mtu wa kulilia ya kale tu. Mdomo ulikuwa na dhuluma zake. Bei ya mdomo ilikuwa ni bei ya uso. Mwenyeji aliambiwa hivi, mgeni wa bara akaambiwa vile, na mtalii hata tusiseme. Bei ikiandikwa, iwe ukutani au kwenye simu, ni moja kwa wote. Kiziwi anaihitaji orodha iliyoandikwa. Msichana anayekula peke yake na hataki maneno mengi na wahudumu anaihitaji pia. Na simu, tofauti na karatasi, ina nafasi isiyokwisha. Ungeweza kuweka Kiswahili, Kiingereza, Kiarabu, na picha, na hata sauti ya mtu akitaja vyakula kimoja kimoja kwa Kimvita safi. Hilo lawezekana leo jioni, bila gharama kubwa.

Lakini nilipofungua menyu ile kwa simu yangu, nikaisoma kwa sauti ili ami asikie, niliona aibu. Kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza. Samaki wa kupaka alikuwa amegeuzwa samaki wa mchuzi wa nazi, kana kwamba kupaka si kitu. Kumbe ndiyo kazi yenyewe: samaki huchomwa kwanza, kisha hupakwa tui zito lenye viungo. Mahamri yaliitwa donati za Waswahili. Jina la mahamri linatokana na hamira, yaani chachu. Jina linakuambia unga ule uliumuka. Donati inakuambia nini?

Kilichoniudhi zaidi ni chai. Palikuwa na chai ya maziwa, na chini yake, kwa Kiingereza, chai nyeusi. Huku kwetu chai isiyo maziwa ni chai ya mkandaa. Mkandaa ni mmoja wa mikoko, miti ile iotayo katika maji ya chumvi kwenye vidaka vinavyokizunguka kisiwa chetu, na gome lake hutoa rangi nyekundu iliyotumika kutia rangi na kulainisha ngozi. Aliyeiita chai hivyo aliitazama katika gilasi akaona wekundu ule ule. Boriti za mikoko ndizo zilizoezeka nyumba za Mji wa Kale, na majahazi yalizibeba hadi Uarabuni na Ghuba, kusikokuwa na miti. Yote hayo yamo katika gilasi moja ya chai. Mtu wa bara huiita 'turungi', nalo lina hadithi yake. Chai nyeusi ni tafsiri ya neno tu. Wala chai hiyo si nyeusi, ukitazama vizuri.

Nimesikia hoja kwamba Kiingereza huwekwa kwa ajili ya watalii. Malindi wana menyu za Kiitaliano kwa sababu hiyo, sawa. Lakini siku ile, meza zote tisa nilizozihesabu zilikuwa za Wakenya, na nne kati yake zilizungumza Kimvita nilichokisikia nilipoketi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa na huduma. Sijui kama kuna hakimu atakayesema mzee mwenye kabambe amenyimwa haki yake kwa kukosa kuambiwa kuna pilau. Ila nikisoma vifungu hivyo viwili pamoja, naona jambo hilo si la mzaha kama linavyosikika. Zaidi ya hayo, menyu ile kabla ya kufunguka ilitaka jina langu na nambari ya simu. Tangu lini mtu akataja jina lake ndipo aambiwe kuna wali? Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na nilibonyeza kukataa, ikafunguka vilevile. Wengi hawabonyezi.

Turudi mezani. Nilimwita yule kijana nikamwomba, kwa adabu, amtajie ami vyakula vilivyopo. Akasimama. Nakiri nilimhurumia. Hakuwa na kiburi, alikuwa hajui tu. Tangu aajiriwe hajawahi kutakiwa kukitaja chakula anachokibeba. Akatoa simu yake mwenyewe, akauelekeza kwenye kile kibao, akaanza kusoma kile kile nilichokisoma mimi, Kiingereza kile kile, akijikwaa kidogo. Ami akamsikiliza kwa heshima mpaka akamaliza.

"Ahsante, mwanangu. Na jikoni kuna nani?"

Jikoni kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, ambaye alikuwa akisikia yote kupitia dirisha la kupitishia sahani. Akafuta mikono, akachungulia. "Shikamuu, mzee wangu," akasema. "Kuna wali, na mtuzi wa papa nimeupika wa kula wenyewe. Ukitaka nitakupakulia."

Uso wa ami ulifunguka. "Na mkandaa?"

"Upo, babangu. Wa tangawizi."

Niliitafuta papa kwenye simu yangu, juu hadi chini, mara mbili. Haikuwamo. Tulipomaliza yule kijana hakujua atuandikie nini katika mashine yake, ikabidi amwulize mama, na bei tukatajiwa kwa mdomo.